Kiti cha Bashikofu Kwenye Ufukwe wa Mweru

Kiti chenyewe hakina cha kumshangaza mtu. Ni cha mninga, mti ambao Wazambia huuita mukwa. Kina mikono miwili, mmoja umelegea, na juu yake kuna mto mwembamba wenye foronya ya kitenge. Kinatunzwa kwenye stoo ya kigango kimoja cha Wakatoliki kaskazini ya Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, mahali ambapo ukitega sikio unasikia maji ya Ziwa Mweru yakipiga mchanga. Katekista aliyenifungulia mlango alianza kwa kuomba radhi kwa ajili ya harufu. Jirani yake huweka humo magunia ya chisense, dagaa wa ziwa hili, akisubiri lori la kwenda Copperbelt. Kiti kimesimamishwa juu ya matofali manne, mchwa wasikifikie.

"Nani hukikalia?" nikamuuliza.

"Bashikofu."

"Padri je?"

"Bapatili wana kiti chao mule kanisani. Hiki ni cha Bashikofu peke yao."

Mzee yule alijifunza Kiswahili Lubumbashi. "Miye nilitumika kule miaka saba," alisema, akimaanisha alifanya kazi, maana Kiswahili cha Katanga kina njia zake. Nilipotaka kujua ni lini kiti kilikaliwa mara ya mwisho, alihesabu kwa wajukuu. Wa tatu alikuwa bado hajaanza shule. Sasa yuko darasa la pili. Kipaimara kingine kimetangazwa, ndiyo maana tulikuwa stoo asubuhi ile. Fundi angekuja mchana kuukaza ule mkono. Tarehe haikuwekwa kati ya Desemba na Februari, kwa sababu miezi hiyo serikali hufunga ziwa ili samaki wazae. "Tutawalisha Bashikofu maharage?" aliuliza, na uso wake ulionyesha kuwa swali hilo halina jibu.

Neno lile sikuweza kuachana nalo. Kibemba huweka ba- mbele ya mtu anayeheshimiwa: bamayo, batata, bapatili. Ukiiondoa inabaki shikofu, na hapo sikio la Mswahili halihitaji mkalimani. Ni askofu wetu huyo, aliyepanda mlima kutoka Tanganyika. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers kwa ajili ya kanzu zao nyeupe, waliingia nchi ya Wabemba wakitokea Karema na vituo vingine vya Ziwa Tanganyika, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Nadhani neno lilisafiri ndani ya mizigo yao pamoja na misale na kwinini. Wabemba nao wakalivika nguo ya kwao. Wana shi-, yenye maana ya baba au mwenye kitu. Shimapepo ni kuhani, baba wa sala. Basi shikofu akapewa ubaba asiouomba.

Sisi wenyewe tulilikopa kwa Waarabu wanaosema usquf, na Waarabu wakalipata kwa Wagiriki, kwao episkopos, mtu anayetazama kutoka juu, mwangalizi. Bishop ya Waingereza nayo imetoka tumbo hilo hilo. Msimamizi wa kibarua anayetembea juu ya ukuta kuona kama matofali yamenyooka angeweza kuitwa hivyo, na hakuna ambaye angepiga goti.

Mwanzoni mwangalizi wa Kikristo hakuwa mbali sana na huyo wa kibarua. Paulo anapowaandikia Wafilipi anawasalimu pamoja na maaskofu wao, kwa wingi, ndani ya mji mmoja. Pengine katika Agano Jipya askofu na mzee wa kanisa wanaelekea kuwa mtu yule yule. Ni mapema katika karne ya 2 ambapo Ignasi wa Antiokia, akisafirishwa chini ya ulinzi kwenda Roma kuuawa, aliandika barua njiani akiyasihi makanisa yashikamane na askofu mmoja, wazee na mashemasi wakiwa upande wake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na chombo chenyewe kilikuwa kikipigwa na dola kutoka nje na mabishano juu ya mafundisho kutoka ndani. Mwalimu wa siku zile alifundisha akiwa ameketi, hivyo kiti kikawa alama ya kazi. Kigiriki hukiita kathedra. Kanisa lenye kiti hicho ndilo katedrali, hata kama ni dogo na bati linavuja. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ukaongeza kufuli: askofu mpya asisimikwe na wenzake pungufu ya watatu, ili asitokee mtu wa kujipa kiti mwenyewe.

Afrika haikuingia katika habari hiyo kwa mlango wa nyuma. Sipriani, aliyekatwa kichwa mwaka 258, alikuwa askofu wa Karthago, na Augustino alikuwa wa Hippo. Afrika ya kaskazini ilijaa maaskofu kiasi kwamba hata vijiji vilikuwa na wa kwao. Baadaye miji ile ilikufa, mingine ikageuka malisho ya mbuzi. Viti vyake havikufutwa. Vilibaki kwenye madaftari ya Roma, na hadi leo, Papa akitaka kumfanya mtu askofu mahali ambapo bado hapajawa jimbo, humpa kwa jina kiti cha mji uliokufa. Desturi ya ajabu, lakini ndiyo iliyomleta askofu wa kwanza upande huu wa Zambia.

Aliitwa Joseph Dupont, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1850. Alipitia Karema, akavuka kusini, na mwaka 1895 akafungua misheni ya Kayambi kwenye mpaka wa Wabemba, watu waliokuwa wakiogopwa na majirani wote. Mwaka 1897 Roma ikampa vikarieti iliyoitwa Nyassa, eneo kubwa kuliko nchi nyingi za Ulaya, na pamoja nayo kiti cha Thibaris, mji wa zamani katika Tunisia ya leo. Wabemba hawakuijua Thibaris. Walimwita Motomoto. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya kiko chake, maana kila alipofika alidai moto. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya hasira zake. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Oktoba 1898 Mwamba, mmoja wa machifu wakubwa wa Wabemba, alikuwa mahututi, na Dupont alikuwa kitandani pake akimpa dawa za kutuliza maumivu. Chifu alipofariki, watu wengi walikimbilia kwenye kambi ya mmisionari, kwa kuwa kifo cha mkubwa kilizoea kuondoka na watu wengine. Dupont akatangaza kwamba marehemu alimwachia nchi yake. Wanahistoria wamekuwa wazito kulikubali hilo jinsi alivyolisema, na Kampuni ya Waingereza ya Afrika Kusini, iliyojiona ndiyo mwenye nchi, haikulikubali hata kidogo. Baada ya mvutano, Mfaransa akauacha uchifu, akapata ardhi ya misheni Chilubula, ambako mwaka 1899 alianza kujenga.

Kwa majuma machache, basi, mwangalizi mmoja alikaribia kukaa juu ya viti viwili, cha Thibaris na cha Mwamba. Wapo wanaomwona Dupont kama mwokozi wa wale waliokimbilia kwake siku zile, na sina sababu ya kuwabishia. Lakini namwona pia mtu aliyepewa kazi ya kuangalia, akatamani kumiliki. Mstari kati ya hayo mawili ni mwembamba, na katika historia ya maaskofu haukuvukwa na Dupont peke yake.

Mwaka 1911 alijiuzulu, akaenda kupumzika Tunisia, mahali panapoitwa Thibar, jina lililotokana na ule mji wa kiti chake. Alifariki huko mwaka 1930. Katika kundi lote la maaskofu wa miji iliyokufa sijui mwingine aliyekwenda kulala kwenye kiti chake mwenyewe. Hata hivyo Wabemba hawakumwacha huko. Mwaka 2000 mifupa yake ilirudishwa Chilubula. Makumbusho ya Mbala yanaitwa Moto Moto kwa ajili yake.

Luapula kwenyewe White Fathers walifika Chibote, kisha Lubwe kando ya Bangweulu, lakini askofu alibaki mbali, nchi ya Wabemba. Mwaka 1952 ndipo eneo hili lilipopewa vikarieti yake, Fort Rosebery, chini ya René-Georges Pailloux. Ikawa jimbo kamili mwaka 1961, na mwaka 1967, jina la mkoloni likiwa limefutwa kwenye ramani, likaitwa jimbo la Mansa. Mwaka 1971 kiti chake alikikalia Mzambia wa kwanza, Elias Mutale, aliyepandishwa baada ya miaka miwili kuwa askofu mkuu wa Kasama. Walimfuata James Spaita, Andrew Aaron Chisha, na Patrick Chisanga, Mfransisko. Kutoka Mansa hadi Nchelenge ni zaidi ya kilomita 200 za barabara. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini wajukuu ndio kalenda ya katekista.

Sasa geuka utazame maji. Ziwa lina urefu wa kilomita 130 hivi na upana unaozidi kidogo 50, na asubuhi ya ukungu Kongo haionekani kabisa. Upande ule, juu ya genge linalotazama maji, kuna Luanza. Alipajenga Dan Crawford, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1870, aliyefika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1890, akashuhudia dola ya Msiri ikivunjika baada ya maofisa wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kumpiga Msiri risasi mwishoni mwa mwaka 1891. Watu waliotawanyika walimfuata hadi ziwani. Walimpa jina la Konga Vantu, mkusanya watu.

Crawford alikuwa wa Ndugu wa Plymouth, na hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Ndugu hawa hawana askofu. Hawana padri, hawana mchungaji wa mshahara, hawana makao makuu. Jumapili huketi kuizunguka meza yenye mkate na divai, na mwanamume yeyote kati yao anaweza kusimama akasali. Wazee wapo, ila hakuna mkono uliowekwa juu yao ukiwa na ukoo wa kurudi hadi kwa mitume. Walipoyasoma maandiko ya Paulo waliona waangalizi wengi ndani ya mji mmoja, wakasema: tubaki hapo, hayo mengine yameongezwa na watu. Kwa hiyo miaka ile ile ambayo Motomoto alikuwa akipigania kiti mashariki, magharibi ya ziwa alikuwapo mtu aliyeamini kwamba kiti chenyewe ni kosa.

Lakini Konga Vantu aliishi vipi? Alipanga mitaa ya Luanza. Aliamua kesi. Alitafsiri Biblia kwa Kiluba cha Sanga, akakaa zaidi ya miaka 20 bila kurudi kwao, na watu walimletea magomvi ya ng'ambo zote mbili za maji. Alifariki mwaka 1926, kutokana na jeraha dogo la mkono lililoingia sumu. Asingekubali kuitwa askofu hata kwa kushikiwa panga. Alitazama kutoka juu ya genge lake vilevile.

Upande wa Zambia, mwendo mfupi kusini, kisa kimejirudia kwa namna nyingine. Mbereshi, karibu na ikulu ya Mwata Kazembe, ilifunguliwa mwaka 1900 na Chama cha Wamisionari cha London, Waprotestanti walioamini kwamba kila usharika unajitawala wenyewe chini ya Kristo, na askofu ni mzigo walioutua tangu Uingereza. Mabel Shaw alianzisha hapo shule ya wasichana mwaka 1915, ambayo sifa zake zilifika mbali. Mwaka 1965 makanisa hayo, pamoja na yale yaliyotokana na Waskoti, Wamethodisti na wamisionari wa Paris waliokuwa Barotse, yaliungana kuwa Kanisa la Muungano la Zambia. Leo kanisa hilo lina Askofu wa Sinodi, na Luapula ina askofu wake. Huchaguliwa, hutumikia kipindi, humpisha mwingine. Mababu waliukimbia uaskofu, wajukuu wakaurudisha nyumbani, ila wakaukata kucha.

Msomaji anaweza kuona haya ni mabishano ya majina. Katika nchi za Waswahili yaliwahi kukaribia kuvunja kanisa zima. Juni 1913, huko Kikuyu nchini Kenya, maaskofu wawili wa Kianglikana, William Peel wa Mombasa na John Jamieson Willis wa Uganda, walikutana na Wapresbiteri, Wamethodisti na wengine kutafuta umoja, na mwisho wakashiriki meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, alipopata habari alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashtaki wenzake wawili kwa uzushi. Kiini cha shauri kilikuwa hiki: watu wasio na maaskofu wanawezaje kuhesabiwa kuwa kanisa? Magazeti ya London yalilichangamkia kwa miezi mingi. Weston huyo huyo ndiye aliyesimama baadaye kupinga Waafrika kulazimishwa kufanya kazi katika Kenya ya wakoloni, kwa ukali ule ule. Mtu wa namna hiyo humchukii moja kwa moja wala humpendi moja kwa moja.

Na kuna Mashahidi wa Yehova, ambao Luapula ni wengi kiasi kwamba Jumamosi asubuhi ukikaa barazani hukosi kubishiwa hodi. Wao hawana askofu, wana mwangalizi, na mwangalizi wa mzunguko husafiri kijiji hadi kijiji akikagua makutaniko. Biblia yao ya Kiswahili, pale ambapo yetu inasema askofu, inasema mwangalizi. Ukiwauliza watakuambia ni vitu viwili tofauti kabisa. Paulo angewaomba wamfafanulie tofauti hiyo taratibu.

Jioni nilikaa bandarini Kashikishi, ambako boti za mbao zenye injini hupakia watu wa kisiwa cha Chisenga na cha Kilwa. Kilwa, ndiyo, jina lile lile la kwetu Lindi. Kisiwa ni cha Zambia ingawa kiko karibu zaidi na Kongo, na kwenye bara la Kongo kuna mji wa Kilwa pia. Mama mmoja mfanyabiashara wa ng'ambo, mwenye mafungu ya vitenge yaliyofungwa kwa nailoni, alifurahi kukuta mtu wa kuongea naye Kiswahili. Nilimuuliza askofu wao ni nani. "Wa kwetu walimpandisha," akasema, "sasa iko Lubumbashi." Alimaanisha Fulgence Muteba, aliyekuwa askofu wa Kilwa-Kasenga tangu mwaka 2005 hadi mwaka 2021 alipofanywa askofu mkuu wa Lubumbashi, kama Jean-Pierre Tafunga aliyewahi kushika jimbo hilo kabla yake. Ndani ya kauli ya yule mama mlikuwa na fahari na manung'uniko kwa pamoja. Jimbo la ufukweni ni shamba la miche. Likishamkuza mtu, mji humchukua.

Nikamuuliza kama maaskofu wanawasaidia kitu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua inasaidia. "Wao ndio wanasema," alijibu. "Siye tukisema, nani anasikia?"

Zambia wanalijua hilo vizuri. Juni 1990 bei ya unga wa mahindi ilipanda ghafla, watu wakaingia barabarani, damu ikamwagika. Mwezi uliofuata maaskofu Wakatoliki walitoa waraka wa kichungaji juu ya uchumi, siasa na haki, wakimwambia Rais Kenneth Kaunda, mtoto wa mhubiri, kwamba mfumo wa chama kimoja umewachosha watu. Julai 1991, serikali na upinzani walipokwama, walikutana ndani ya katedrali ya Waanglikana ya Msalaba Mtakatifu jijini Lusaka, na aliyeshika uenyekiti alikuwa Askofu Stephen Mumba. Oktoba Kaunda alishindwa uchaguzi, akaondoka kwa amani. Frederick Chiluba aliyempokea aliitangaza Zambia taifa la Kikristo kabla mwaka haujaisha. Labda alidhani maaskofu sasa wangemwachia kazi. Mwaka 2001 alipotafuta muhula wa tatu, maaskofu na mabaraza mengine ya makanisa, pamoja na wanasheria na vyama vya wanawake, waliunda Jukwaa la Oasis, utepe wa kijani ukavaliwa, na muhula wa tatu ukafia njiani. Aprili 2017, kiongozi wa upinzani akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, Askofu Mkuu Telesphore Mpundu alisoma tamko lililosema nchi imekuwa ya kidikteta, kilichobaki ni kuitwa hivyo.

Hakuna katika hao aliyepigiwa kura na wananchi. Jambo hilo hunikwaza kila nikilifikiria, na bado sina jibu zuri. Mbunge wa Nchelenge anaweza kuondolewa baada ya miaka mitano. Bashikofu hawezi, labda na Roma au na umri wa miaka 75. Nguvu yake ya kumwambia rais ukweli inatoka papo hapo, katika kutodaiwa kura na mtu. Ni nguvu ile ile inayomwezesha mwingine kunyamaza miaka 20 bila kuulizwa na mtu.

Ndiyo maana nampenda Adam Kozłowiecki, Mjesuiti wa Poland, ingawa hakuwa wa Luapula. Alipita Auschwitz na Dachau mikononi mwa Wanazi, akaja Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1946, na mwaka 1959 akawa askofu mkuu wa kwanza wa Lusaka. Mwaka 1969 aliomba kuondoka ili Mzambia akae. Hakurudi Poland. Alikwenda vijijini kuwa padri wa kawaida, akiungamisha watu, hadi Roma ilipomkumbuka kwa ukardinali mwaka 1998. Alifariki mwaka 2007. Aliyeachiwa kiti alikuwa Emmanuel Milingo, ambaye ibada zake za kuponya na kutoa pepo zilijaza viwanja, zikamwudhi mkubwa mmoja baada ya mwingine, akaitwa Roma na kujiuzulu mwaka 1983. Mwaka 2001 alioa katika sherehe ya kanisa la Sun Myung Moon. Mwaka 2006 aliwawekea mikono wanaume wanne wenye wake zao ili wawe maaskofu, na adhabu ya kutengwa ikamwangukia. Wazambia wa rika fulani bado humtetea. Bila kumsikia sauti yake ikijaza uwanja, ni vigumu kuwalaumu.

Siku hizi barabara kutoka boma ya Nchelenge hadi Kashikishi ina vibao vya makanisa mapya kila baada ya maduka machache, na jina la askofu hutangulia la kanisa, pengine pamoja na la mkewe. Wengine wana waumini 30 na turubai. Wanaowacheka ni wengi. Mimi nilipunguza kucheka nilipokumbuka vile vijiji vya Augustino, kila kimoja na askofu wake. Kinachonisumbua ni kufuli la Nikea. Nani wengine watatu walikuwapo? Mmoja niliyemuuliza, mtu mkarimu aliyeninunulia soda, alinionyesha cheti chenye muhuri wa dhahabu kutoka ng'ambo ya bahari, kimewekwa ndani ya fremu. Alikitazama kwa upendo uliokuwa wa kweli.

Turudi kwenye kiti, kabla ya jioni ile ya bandarini. Fundi alikuja saa tisa mchana, kijana mrefu mwenye mfuko wa zana uliokuwa wa mbolea zamani. Katekista alinidokeza kwamba ni wa Ndugu, babu yake alitoka Luanza kwa mtumbwi. Alikigeuza kiti miguu juu, akagonga hapa na pale, akang'oa msumari wa zamani ambao mtu fulani alikuwa ameupigilia kwa haraka, akatia gundi, akachonga kabari ndogo ya mukwa na kuisukuma hadi ikaingia yote. Kisha akakisimamisha mlangoni, kwenye mwanga. Watoto watatu wa mafundisho ya kipaimara walikuwa wamesogea kuangalia.

Akakikalia.

Aliegemea nyuma, akayumba kushoto, akayumba kulia, akaikandamiza mikono yote miwili kwa uzito wake wote, macho yakiwa yametazama ziwa, ambako boti za chisense zilikuwa zimeanza kujipanga na taa zao. Watoto walimtazama katekista. Katekista alikuwa ameinama, anatafuta kitu kwenye mfuko wa shati.

"Mukwai, kimekaza," fundi akasema, na kuinuka. Mzee akampa pesa yake, akakifuta kiti kwa kitenge, mgongo kwanza, halafu mikono, halafu pale pa kukalia, na tukakibeba wawili kukirudisha juu ya matofali.